Jibu: Kusimamisha kidogo ukarabati wa nyumba ya mawe, Lamu

Dada, umeuliza kama lipu ya chokaa unayoipiga mwenyewe itaharibika ukienda kupumzika kwa mama Malindi wiki mbili. Nenda kwa roho safi. Chokaa haina haraka. Hukomaa polepole kwa hewa, na tabaka la kwanza linahitaji muda kabla ya la pili. Ila siku za mwanzo mwachie mtu anyunyize maji asubuhi na jioni, atundike magunia yaliyolowa madirishani, maana kaskazi ikiikausha ghafla utakuta nyufa nyembamba kama nywele. Na akitokea wa kukushawishi umalizie kwa saruji ili uondoke mapema, kataa kabisa! Saruji hufungia unyevu ndani ya mawe ya matumbawe, chumvi ikachomoza, lipu ikabanduka.