Kichwa hakina Kumb. Na.

SWALI: Mwalimu, ipi sahihi: "ubongo huhifadhi kumbukumbu" au "ubongo hutunza kumbukumbu"? Mwenzangu kazini anashikilia kwamba kutunza ni kwa watoto na wagonjwa tu.

JIBU: Mwenzako kakosea, hata fedha hutunzwa. Andika lolote kati ya hayo mawili. "Hifadhi" tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni kulinda na pia kujua kitu kwa ghibu. Lakini anayejua kwa ghibu ni mtu, tena baada ya kurudiarudia mpaka ulimi uchoke. Siku hizi mtu kafukuzwa kwenye sentensi, kiti chake kakalia ubongo.

Mchawi ni neno "kumbukumbu". Tumelizoea ofisini: kumbukumbu za kikao, barua yenye Kumb. Na., faili, kabati. Basi tukadhani na kichwani mna kabati, kila wazo na faili lake, kukumbuka ni kufungua droo tu. Haya, tujaribu. Siku za wiki unazijua tangu utotoni, na ni saba tu. Nitajie kwa mpangilio wa alfabeti, bila kalamu. Alhamisi, Ijumaa… halafu? Umeanza kunong'ona "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu" kama mtoto wa chekechea, huku ukihesabu vidole. Zingekuwa kadi saba drooni, ungezipanga upya kufumba na kufumbua. Ulichonacho ni wimbo, na wimbo una mahali pa kuanzia. Nimewafanyia hivi maprofesa wawili, mmoja alikasirika.

Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 jinsi alivyowapa watu hadithi ya Wahindi Wekundu kisha akawataka waisimulie. Mitumbwi ikawa mashua, kuwinda sili, yule mnyama wa baharini, kukawa kuvua samaki. Faili gani hilo linalojihariri lenyewe? Walikuwa wakiijenga hadithi upya kwa mali waliyokuwa nayo.

Na usinichokoze na "ubongo huchakata taarifa". Kinachochakatwa ni mkonge: unaingia jani, unatoka nyuzi. Juzi nimesoma kijana akimwandikia mchumba wake kwamba "bado anachakata hisia". Nyuzi zikitoka atazianika wapi?

Sikatai kwamba kujifunza huacha alama; viungo kati ya seli za neva huimarika na kulegea. Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha biolojia namwachia "huhifadhi" yake, nimechoka kugombana. Wewe kwenye maongezi sema "nakumbuka", na ukisahau sema "nimesahau", si "data imefutika".

Siku zenyewe, kwa aliyekata tamaa: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumanne, Jumapili, Jumatano, Jumatatu. Nami nimeandika kwanza kwenye karatasi.