Kwa nini Ajaccio hawakupanda daraja mwaka 2020

Ndugu uliyeuliza kwa nini Ajaccio, klabu ya soka ya Ufaransa, walibaki Ligue 2 (ligi ya daraja la pili) msimu wa 2019/20 ilhali Lens, waliowazidi pointi 1 tu, walipanda: msimu huo ulisimama Machi 2020 baada ya raundi 28 kati ya 38 kwa sababu ya korona, na serikali ya Ufaransa ilipokataza michezo kurejea, ligi ilifungwa kwa msimamo uliokuwepo. Lorient, wenye pointi 54, na Lens, wenye 53, walipanda moja kwa moja. Mechi za mchujo, ambazo zingewapa nafasi ya kupanda Ajaccio, Troyes na Clermont, hazikuchezwa kabisa, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma kubwa, kwa kuwa pointi 30 zilikuwa bado zinagombewa.