Mkeo Alitaka Kukufurahisha, Wewe Unadai Fidia?

"Shangazi, mke wangu ameniharibia saa yangu ya kronografu (ile yenye kipima muda ndani yake) ya miaka ya 1960. Aliipeleka kwa fundi bila kuniuliza, ikapigwa msasa na uso wake ukapakwa rangi upya. Thamani imeporomoka. Anasema ilikuwa zawadi ya kuadhimisha ndoa yetu. Alijua ni saa kuukuu tu ya bei ya chee, lakini naona ni wivu, maana hazipendi saa zangu. Je, nina haki ya kumdai fidia?" – Mume Mwenye Hasara

Pole, mwanangu. Saa ya zamani ikishapigwa msasa kingo zikalainika, chuma kilichokwenda hakirudi. Na uso uliopakwa rangi upya wakusanyaji huukimbia. Wanautaka ule ule wa kiwandani, hata kama umepauka. Hasara ni ya kweli. Pole yangu inaishia hapo.

Sasa niambie: hiyo "bei ya chee" mkeo aliijulia wapi? Nani alimwambia? Ni wewe! Uliogopa kutaja ulicholipa, ukamdanganya kwamba umeokota kuukuu. Mwanamke wa watu akaona mumewe anakipenda kitu kilichochakaa, kioo kimejaa mikwaruzo, akatoa pesa zake kikatengenezwe. Huo ndio wivu? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imekomea mezani kwa fundi saa.

Kwingine kwenye barua unasema vifurushi vyako hupokelewa ofisini "kwa usalama". Usalama dhidi ya nani? Unaviita uwekezaji, lakini sijaona hata saa moja uliyowahi kuuza. Na ukifumba macho kesho, huyo mjane asiyeambiwa kitu ataziuza zote pamoja na masufuria.

Ninyi wakusanyaji hamchoki kuitaja Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa mnadani New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Aliyempa ni nani? Mkewe, Joanne Woodward, tena alichongesha mgongoni mwa saa maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Angekuwa mkeo, ungemshitaki kwa kukuharibia mfuniko.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mume anajua mashine ya ndani ni Valjoux 72, anajua hata kitufe kipi kimebadilishwa, ila hajui mkewe analala na mawazo gani. Simu ina namba ya siri, droo ina kufuli, mshahara hautajwi, kisha mnashangaa mbona nyumbani hakuna mazungumzo! Sisemi wazee wetu hawakufichana mambo. Walifichana sana, na wengi tuliyajua msibani, mbele ya wageni.

Fidia hupati. Mrudishie mkeo gharama za fundi, umshukuru kwa zawadi, na hiyo saa uivae. Sasa huna tena sababu ya kuifungia. Halafu mtolee zilizobaki, umtajie bei ya kila moja, ukianza na ya ghali kuliko zote. Nakujua, ukianza na ya chini utaishia hapo hapo. Akinuna, mwache anune hadi achoke, na usiniandikie tena kunishitakia.