"Wakuu wa Mkoa" au "Wakuu wa Mikoa"? Na je, Mwanza ilikuwa na gavana?

SWALI: Naandaa kijitabu cha wanafunzi kuhusu waliowahi kuiongoza Mwanza tangu enzi za Mwingereza. Mwenzangu anataka tuwaite "magavana wa Mwanza", kama wasemavyo jirani zetu wa Kisumu. Halafu kichwa kiwe "Wakuu wa Mkoa wa Mwanza" au "Wakuu wa Mikoa wa Mwanza"? Msomaji, Nyamagana.

JIBU: Gavana mwondoe. Mwanza haijapata kuwa na gavana wake. Enzi za Mjerumani, na baadaye za Mwingereza, gavana alikuwa mmoja kwa nchi nzima na makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Donald Cameron, kwa mfano, alikuwa Gavana wa Tanganyika kuanzia 1925 hadi 1931. Kisumu wanaye gavana kwa kuwa Kenya, tangu 2013, kila kaunti humchagua wa kwake kwa kura. Mkuu wa Mkoa wa kwetu huteuliwa na Rais. Gavana tuliyebaki naye Tanzania ni wa Benki Kuu.

Aliyekaa Mwanza enzi za Mwingereza ni PC, yaani mkuu wa jimbo, na jimbo lenyewe liliitwa Jimbo la Ziwa. Lilifika Musoma na, kwa miaka mingi, hata Bukoba. Kwa hiyo usiandike "Mkuu wa Mkoa wa Mwanza mwaka 1955". Cheo hicho hakikuwepo. Wakuu wa mikoa walichukua nafasi za ma-PC mwaka 1962, baada ya uhuru. Orodha yako igawe mara mbili hapo. Wala usifupishe ukaandika "mkuu wa Jimbo la Mwanza": msomaji wa leo atadhani unamzungumzia Askofu Mkuu, maana Jimbo Kuu la Mwanza ni la Kanisa Katoliki, na majimbo mengine anayoyajua, Nyamagana na Ilemela, ni ya wabunge.

Sasa kichwa. "Wakuu wa Mkoa wa Mwanza" ndiyo sahihi, kwa sababu watu ni wengi ila mkoa ni ule ule mmoja, wakipokezana. "Wakuu wa mikoa" ni wale wa Mwanza, Geita na Mara wakikutana kikao kimoja. "Wakuu wa Mikoa wa Mwanza" haisimami popote. Ukisema mikoa, kinachofuata ni "ya": Wakuu wa Mikoa ya Mwanza na Geita.

Hiyo "wa" ya pili ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa mkuu na mkoa wote hupokea "wa" na sikio halitambui inamfuata nani. Weka wilaya mahali pa mkoa utaona: Mkuu wa Wilaya ya Ilemela, si "Mkuu wa Wilaya wa Ilemela". Kumbe Ilemela inafafanua wilaya, haimfafanui mkuu. Tatizo hilo hilo linarudi kwenye "Mkuu wa Mkoa wa kwanza": wa kwanza ni mkuu au mkoa? Andika "Mkuu wa kwanza wa Mkoa wa Mwanza", shaka inaisha.

Neno "ofisi" nalo liangalie. "Historia ya Ofisi ya Mkuu wa Mkoa" kwa Kiswahili ni historia ya jengo, mafaili na watumishi, pamoja na Katibu Tawala. Kama unachosimulia ni nani alimfuata nani, sema cheo au wadhifa. Na mtu "hushika wadhifa"; ukiandika "aliingia ofisini mwaka 2016", mtoto wa darasa la sita atauliza alitoka saa ngapi.

La mwisho ni "mstaafu", linalobandikwa siku hizi kwa kila aliyeondoka. Anayestaafu amemaliza utumishi. John Mongella alitoka Mwanza mwaka 2021 akapelekwa Arusha kwa cheo kile kile, kwa hiyo alikuwa amehamishwa tu. Katika orodha yako mwandike "aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza", na wenzake wote vivyo hivyo, isipokuwa una hakika kwamba fulani alistaafu kweli.