Umbali mrefu kwenye picha za droni: tofautisha gridi na ardhi

Wateja wengi, na hata baadhi yetu wapima ardhi, huamini kwamba droni yenye RTK (urekebishaji wa mahali papo hapo kwa satelaiti na kituo cha ardhini) ikisharuka, umbali wowote unaosomwa kwenye picha zake ni sahihi hadi sentimita. Kwa kiwanja kimoja imani hiyo haina madhara makubwa, lakini kwa njia ya bomba la maji yenye urefu wa kilomita kadhaa, ndipo mvutano na mhandisi unapoanza.

Chukua Dar es Salaam, iliyo katika kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda na kuilaza kwenye gridi bapa, karibu kabisa na mstari wa kati wa nyuzi 39 Mashariki. Hapo kizio cha gridi, yaani namba ya kuzidisha umbali wa ardhini ili kupata wa ramani, ni takribani 0.9996, kwa hiyo kilomita moja iliyopimwa ardhini kwa totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali) husomeka mita 999.6 kwenye ramani. Programu haijakosea, imekupa umbali wa gridi, ilhali fundi anayelaza mabomba anahitaji umbali wa ardhini. Kwenye miinuko kuna nyongeza nyingine: katika mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, umbali wa ardhini huzidi kwa takribani sentimita 16 kwa kila kilomita. Nashauri kila mchoro uandikwe waziwazi ni umbali upi uliotumika, pamoja na kizio chake. Ukichanganya mifumo miwili ya marejeo ya mahali, Arc 1960 ya ramani za zamani na WGS 84 ya droni, utahama takribani mita 300, na kosa kubwa namna hiyo hujionyesha lenyewe. Hizi sentimita 40 za kila kilomita ndizo hupita kimyakimya hadi kwenye ujenzi.

Jambo la pili ni umbo la ukanda wenyewe, yaani eneo refu jembamba linalopimwa. Ukirusha mstari mmoja tu juu ya barabara, modeli ya ardhi inayoundwa kutokana na picha huelekea kupinda katikati, hivyo rusha mistari sambamba, ongeza michache ya kukatiza kwa kimo tofauti, na panga alama za ardhini, zenye mahali palipopimwa, kwa kupishana pande zote mbili. Mimi huchora alama kwa chokaa, kwa sababu vitambaa vyeusi na vyeupe hupata wenyewe kabla droni haijatua. Baadhi ya alama zisiingizwe kwenye ukokotoaji. Zibaki za ukaguzi, zikiwamo mbili za miisho, ambazo umbali kati yake upimwe kwa GNSS tuli, yaani vipokezi vya satelaiti vilivyoachwa vimetulia kwa muda. Kituo cha msingi cha RTK nacho kikae katikati ya ukanda, kwani kosa huongezeka kwa takribani milimita moja kwa kila kilomita ya kutoka kituoni.