Ada si adhabu: kuhusu majina mafupi na maneno yanayofanana nayo

Mama aliyeuliza swali hili ameeleza kwamba binti yake wa miezi minne anaitwa Ada, kwa kumfuata nyanya wa mumewe, na kwamba tangu jina litangazwe amekuwa akipokea tafsiri zisizopatana. Mmoja amemwambia kuwa maana yake ni mtukufu, wa pili pambo, wa tatu binti wa kwanza, wa nne kisiwa, na wifi yake amehitimisha kwa kusema kwamba ada ni malipo tu, tena neno lenyewe liko jirani mno na adhabu. Anataka kujua nani kasema kweli. Nitajibu kwa kirefu, kwa kuwa nimesahihisha miswada kwa miaka mingi na majina yamekuwa yakinipa kazi kuliko kitu kingine chochote, na pia kwa sababu kosa la wifi nimewahi kulifanya mimi mwenyewe mbele ya watu.

Mama Ada, wale wanne wa mwanzo wamesema kweli wote, ila kila mmoja amemzungumzia Ada mwingine. Katika lugha za Kijerumani za kale kulikuwa na neno adal, lenye maana ya uungwana wa ukoo, ambalo lilitumika kuanzisha majina marefu kama Adelheid, na kutoka humo zikapatikana Adelaide, Adele na kipande kifupi Ada. Katika Biblia, Mwanzo 4, mmoja wa wake wawili wa Lameki anaitwa Ada, na jina hilo la Kiebrania hufasiriwa kuwa pambo. Kwa Waigbo, Ada ni binti wa kwanza wa nyumba, na ndilo linaloanzisha majina kama Adaeze. Kwa Waturuki, ada ni kisiwa, na siku hizi mabinti huitwa hivyo. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeazima kwa mwenzake, isipokuwa kwamba Wazungu wa enzi za baadaye, wakilisoma jina la Biblia huku wakiwa na lao la kale, waliyachanganya mawili ya kwanza mpaka si rahisi tena kuyatenganisha katika kila familia.

Watu hushangaa kwamba jambo kama hilo linaweza kutokea kwa bahati tu, lakini hesabu yake ni nyepesi. Chukua lugha yenye irabu 5 na konsonanti 20. Maneno yote yanayoweza kuundwa kwa umbo la Ada, yaani irabu, konsonanti, irabu, ni 5 mara 20 mara 5, sawasawa na 500. Lugha za dunia zinakadiriwa kuwa takribani 7,000, na kila moja ina maelfu ya vitu vya kuvitaja, kwa hiyo ingekuwa ajabu kama vijumba hivyo 500 visingegombaniwa. Ukichukua umbo la silabi tatu, kila silabi ikiwa na konsonanti na irabu yake, nafasi zinafika 1,000,000, na hapo bahati ya kugongana hupungua sana. Kwa sababu hiyo mimi huliamini jina refu upesi zaidi kuliko jina fupi. Kiajemi kina neno bad lenye maana ya baya, na Kiingereza kina bad hiyohiyo kwa maana hiyohiyo, na bado maneno hayo hayana uhusiano. Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Australia, kilimwita mbwa dog kabla ya Mwingereza yeyote kuhusika. Kwa upande wa pili, Wajojia humwita baba mama.

Sasa nieleze aibu yangu. Nilikabidhiwa mswada wa kitabu kidogo cha majina ya watoto, na nilipofika kwenye Hawa, ambapo mwandishi alikuwa ameandika tu "mama wa walio hai", nikaona maelezo hayo ni makavu. Nikaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba jina linatokana na hewa, yaani pumzi, na kwamba ndiyo maana hawaa, tamaa ya nafsi, hufanana nalo, kwa kuwa pumzi na tamaa hukaa kifua kimoja. Nilipendezwa sana na sentensi hiyo, nikaisoma kwa sauti kikaoni. Mzee mmoja aliyekuwa akitusaidia kwa upande wa Kiarabu hakunibishia. Aliomba penseli, akaugeuza ukurasa wangu, akaandika maneno matatu, moja chini ya jingine: حواء, kisha هواء, kisha هوى. Akaniambia, "Soma." Nikasoma: hawa, hawa, hawa. Akasema, "Hapo ndipo penye shida yako, mwanangu," akaweka ncha ya penseli kwenye herufi ya kwanza ya kila mstari. Ya kwanza ilikuwa ha nzito itokayo kooni, iliyochorwa kama ndoano iliyofunguka. Mbili zilizofuata zilikuwa ha nyepesi, iliyojikunja kama fundo la uzi. Hewa na hawaa ni ndugu kweli, kumbe niliotea nusu, lakini Hawa si wa ukoo wao. Mwanzo 3:20 yenyewe inalifungamanisha jina hilo na uhai, na neno letu hai limetoka katika Kiarabu likiwa na ha ileile nzito ya kooni. Mwandishi alikuwa sahihi kwa maneno yake manne makavu. Hawa ya nne, ile ya "watu hawa", ni ya Kibantu tupu na haikuhitaji hata penseli.

Niliondoka na funzo ambalo nimelitumia tangu siku hiyo. Kiarabu kina herufi 28, na Kiswahili kilipoazima maneno yake hakikuazima masikio ya wenyewe. Ha mbili zikawa moja, sini na sadi zikawa s, kafu na kafu ya kooni zikawa k, na aini, ambayo kwa Mwarabu ni konsonanti kamili, ikatoweka bila kuacha alama. Kwa hiyo maneno mawili yanayolingana katika Kiswahili yanaweza kuwa yalikuwa mbalimbali kabisa kabla ya kufika kwetu. Mfano ninaoupenda ni wa mtawala wa Oman na Unguja aliyefariki mwaka 1856, ambaye tunamwandika Seyyid Said, kana kwamba tumerudia neno lilelile kwa heshima. La kwanza ni bwana. La pili lina aini katikati, na maana yake ni mwenye heri; ndugu zake katika Kiswahili ni saidia na msaada. Vivyo hivyo Omari ana undugu na umri, kwa aini, na Amiri ana undugu na amri, bila aini. Mtu anayeitwa Amri, hata kama anapenda kuamrisha, mara nyingi amelifuata jina la Kiarabu lililochukuliwa na Amr bin al-As aliyeiteka Misri katika karne ya 7, nalo liko upande wa umri.

Isidhaniwe kwamba kila mfanano ni udanganyifu, maana kuna watu ambao wakishaumwa mara moja hukataa hata undugu ulio wazi. Amina la binti, amina ya mwisho wa sala, imani, amani na amana vyote vinarudi kwenye shina moja la usalama na uaminifu. Asha ni Aisha aliyefupishwa, na Aisha ni mwenye kuishi, kwa hiyo maisha na ishi ni jamaa zake wa damu. Sala ya isha haimo, na kwisha kwa Kibantu hakumo pia. Lakini Asha wa Kihindi ni tumaini, na hapo tumesharudi kwenye vile vijumba 500.

Undugu unaweza pia kujificha mahali ambapo sikio halisikii kitu. Ada wa Kijerumani na Heidi ni vipande viwili vya Adelheid mmoja, mwingine kichwa, mwingine mkia, na Alice naye ametoka humohumo kupitia Kifaransa cha kale. Peggy wa Kiingereza ni ufupisho wa Margaret, jina lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni lulu, kwa hiyo Peggy na Lulu wetu ni wasomo kwa maana. Ila akija Lulu ambaye jina lake limefupishwa kutoka Louise, huyo hana lulu yoyote, kwa kuwa mizizi ya Kijerumani iliyomo katika Louise ni sifa na vita. Nilicheka peke yangu siku nilipoligundua hilo.

Nirudi kwa wifi. Ada ya Kiswahili imetoka katika neno la Kiarabu lenye aini, kutoka shina la kurudi, yaani jambo linalorudiwarudiwa mpaka likawa mazoea. Malipo yaliyozoeleka yakaitwa ada kwa njia hiyo. Adhabu ni shina jingine, adabu jingine, adui jingine, na hata kawaida, ambayo kwa maana inakaribia kuwa pacha wa ada, imetoka kwenye neno la kanuni na misingi. Hayo yote hayamhusu binti yako, kwa sababu jina halikumfikia kupitia Kiarabu wala Kiswahili. Umesema lilitoka kwa nyanya wa mumeo, na umetaja kwa kupita tu kwamba wengine walimwita Adelaida. Kama ndivyo, basi jina la mtoto ni uungwana, na aliyekwambia "mtukufu" ndiye aliyekaribia zaidi. Nakuomba jambo moja kabla hujamjibu mtu yeyote: tafuteni cheti cha ubatizo cha bibi huyo, kama kipo, mtazame kama kimeandikwa Adelaida au Ada peke yake. Kikiwa na Ada tupu, mke wa Lameki naye anastahili kufikiriwa, na itabidi mwulizane aliyembatiza alikuwa akisoma nini.