Anzeni na tangi la maji, roboti itasubiri

Kila ninapoalikwa kusaidia klabu ya teknolojia ya shule ya sekondari, wanafunzi huniambia wanataka kutengeneza roboti. Walimu nao wanataka kitu cha kuonyesha siku ya mahafali. Mimi huwauliza swali linalowaudhi kidogo: hapa shuleni nani anapata taabu kila siku, na taabu yenyewe ni ipi?

Katika shule moja ya bweni aliyetajwa ni mpishi. Simtanki la jikoni ni jeusi, halionyeshi maji yaliyobaki. Anajua yameisha bomba likishaanza kukoroma, na wakati huo sufuria iko motoni. Basi huo ndio mradi: kifaa cha kumwonyesha mpishi kwa taa maji yaliyobaki. Mwenye shida anafahamika, yuko hatua chache kutoka darasani, na kifaa kisipofanya kazi atasema bila kumung'unya maneno. Sijaona mtihani unaosahihisha kama mpishi.

Vifaa si vingi: bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo inayoendesha programu mtakayoandika (hata ya kunakili inafaa), sensa ya HC-SR04 ya kupima umbali, taa tatu za LED na rizista zake za kupunguza umeme, waya na kebo ya USB. Sensa hurusha sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Inagonga uso wa maji na kurudi, nanyi mnapima muda wake. Sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 5,800 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), maji yako karibu mita moja chini ya sensa. Wengi husahau kugawanya kwa mbili, maana sauti imekwenda na kurudi. Usiwaambie. Tangi la mita moja na nusu likisomeka kuwa na kina cha mita tatu, watacheka, kisha watatafuta wenyewe.

Mwanzoni msiguse tangi. Tumieni ndoo na rula, na daftari la kuandika rula imesema nini, sensa imesema nini. Mkihamia kwenye tangi mtakuta mambo ambayo ndoo haikuwaonyesha. Mvuke huganda juu ya sensa. Kuta za tangi nazo hurudisha mwangwi, namba zikaruka ovyo. Na maji yakikaribia sensa kwa chini ya sentimita mbili, haisomi tena. Dawa ya namba zinazoruka ni kupima mara kadhaa, kupanga vipimo kwa ukubwa na kuchukua cha katikati. Hapo ndipo nimeona mwanafunzi aliyekuwa akilalamika kwamba takwimu hazina kazi akinyamaza.

Kiingereza kibaki kwenye programu na daftarini. Mabishano yawe kwa Kiswahili. Mara nyingi aliye kimya darasani ndiye anayegundua waya uliochomekwa shimo lisilo lake. Kompyuta moja kwa wanafunzi watatu inatosha, mradi kibodi izunguke. Angalieni sana wasichana wasigeuzwe makatibu wa kikundi, kazi yao ikawa kuandika tu huku wavulana wakishika waya. Hutokea bila mtu kupanga, kwa hiyo mwalimu apange kinyume chake.

Atatokea mmoja atakayependekeza taa nyekundu ya maji kuisha ikiwaka, pampu ijiwashe yenyewe. Wazo zuri, lakini bodi inatumia volti 5 na pampu ya shule kwa kawaida volti 230. Kataa mpaka fundi umeme awepo.

Jambo la mwisho ni urithi, kwa sababu miradi mingi hufa waliotengeneza wakimaliza shule. Waandike karatasi moja: waya upi unakwenda wapi, programu imehifadhiwa wapi, sensa inafutwaje. Kabla kidato cha nne hawajaondoka, kifaa kifunguliwe chote, kisha kidato cha pili wakiunge kwa kusoma karatasi hiyo tu. Wakikwama, karatasi iandikwe upya.